Sabufa ya Koili Mbili: Besi Kinyonge, Taa Nyekundu na Pa Kuanzia Kutafuta Kosa

Sabufa yenye koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya inayosukuma koni ya spika, ina vibano vinne vya waya badala ya viwili, na hapo ndipo kazi nyingi za muziki wa gari zinapoharibikia. Besi ikitoka kinyonge, lawama huiangukia amplifaya. Taa nyekundu ikiwaka, amplifaya hufunguliwa na kuchokonolewa. Kumbe kosa liko kwenye vipande viwili vifupi vya waya ndani ya boksi. Usiguse geini (kidhibiti cha amplifaya cha kiasi inachokuza sauti inayoingia) wala usinunue kitu mpaka umepima kinachofika mwisho wa waya wa sabufa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya dijitali inayosoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) na volti, betri ndogo ya volti 9, bisibisi, kisu na msasa. Hapa tutatumia mfano mmoja ili hesabu zishikike: sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4, uwezo wake wati 400 RMS (wati halisi za mfululizo, si za kilele), na amplifaya ya monobloku, yaani ya chaneli moja, inayotoa wati 500 RMS kwenye omu 2.

Namba za kujua kabla ya kupima

Koili mbili zinaunganishwa kwa njia mbili. Kwa mfululizo, ambao mafundi wengi wanauita siriizi, waya chanya wa amplifaya unaingia chanya ya koili ya kwanza, hasi ya koili ya kwanza inaunganishwa na chanya ya koili ya pili, kisha hasi ya koili ya pili inarudi kwenye hasi ya amplifaya. Omu zinajumlishwa: 4 na 4 zinakuwa 8. Kwa sambamba, chanya zote mbili zinafungwa pamoja na hasi zote mbili zinafungwa pamoja. Omu zinagawanyika nusu: zinakuwa 2. Sabufa ya koili mbili za omu 2 hutoa omu 4 kwa mfululizo na omu 1 kwa sambamba.

Angalia vizuri: sabufa ya koili za omu 4 haiwezi kukupa omu 4 huku koili zote mbili zikifanya kazi. Unapata 2 au 8, basi. Mwenye amplifaya ya chaneli nne anayetaka kubriji chaneli mbili za nyuma (kuziunganisha ziendeshe sabufa kama chaneli moja), na kitabu chake kinasema mwisho ni omu 4 ikibrijiwa, anunue sabufa ya koili za omu 2 na aziunge kwa mfululizo. Hili ni la kuamua dukani kabla ya kulipa, maana ukishafika nyumbani hakuna namna ya kuunganisha itakayoliokoa.

Mita haitasoma 4 kamili. Inasoma ukinzani wa waya wa koili peke yake, nao huwa chini ya namba iliyoandikwa nyuma ya sumaku. Koili ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8. Zikiwa sambamba utaona 1.6 hadi 1.9, zikiwa mfululizo, 6.4 hadi 7.6. Koili moja ya omu 2 husoma 1.6 hadi 1.9. Kwa namba ndogo hivi, nyaya za mita zenyewe zinadanganya: gusanisha ncha zake kwanza, uone zinasoma ngapi, kisha toa kiasi hicho. Mita ya bei rahisi inaweza kubeba omu 0.5 kwenye nyaya zake tu, na kwa sabufa ya omu 1 kosa hilo ni nusu nzima. Chomoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya kabla ya kupima, na usiiguse koni wakati unasoma, kwa sababu koni ikisogea koili inazalisha umeme na namba zinarukaruka.

Besi ipo lakini kinyonge

Hili ndilo lalamiko kuu, na chanzo chake kibaya kuliko vyote ni koili mbili kupingana. Mtu amekosea chanya na hasi za koili moja: kwenye mfululizo ameunga hasi kwa hasi, au kwenye sambamba amegeuza upande mmoja. Koili ya kwanza inasukuma koni nje, ya pili inaivuta ndani kwa nguvu ileile, na koni inatetemeka kidogo tu mahali pake. Mwenye gari akiona besi haitoki anaongeza geini. Umeme wote unaoingia unageuka joto, na kwa kuwa koni haisogei, hakuna hewa inayopita kuipoza koili. Sabufa inaungua bila hata kupiga kelele.

Ubaya wake zaidi ni kwamba mita haiwezi kukuonyesha kosa hili. Koili zinazopingana zinasoma omu zilezile na zile zilizofungwa sawasawa. Ndiyo maana betri ya volti 9 ni ya lazima. Nyaya za sabufa zikiwa nje ya amplifaya, gusisha chanya ya betri kwenye waya chanya na hasi kwenye hasi, kwa muda mfupi chini ya sekunde moja, huku mwenzako akitazama koni. Koni inatakiwa kuruka nje kwa wazi. Ikiruka ndani, umebadilisha chanya na hasi za sabufa nzima, jambo ambalo haliiharibu. Ikibaki tuli au kutetemeka tu, koili zinapingana. Usitumie betri ya gari kwa jaribio hili. Volti 12 kwenye omu 2 ni ampea 6, na koni inaweza kurushwa hadi mwisho wa mwendo wake.

Kama inapingana, fungua waya zote ndani ya boksi na ujaribu kila koili peke yake kwa betri ileile. Usiamini rangi za vibano. Kwenye sabufa za bei ya chini, na hasa zile zilizowahi kubadilishwa koili, nyekundu na nyeusi za upande mmoja huweza kuwa zimegeuzwa tangu kwa aliyezifunga. Chanya halisi ni ile inayosukuma koni nje ikiguswa na chanya ya betri. Iwekee alama kwa kalamu, pande zote mbili, ndipo uunganishe.

Betri ikionyesha koni inaruka vizuri, rudi kwenye omu. Kwa mfano wetu, ukisoma kama 7 basi umefunga mfululizo mahali palipotakiwa sambamba. Amplifaya iliyotoa wati 500 kwenye omu 2 itatoa takriban robo yake, wati 125, kwenye omu 8. Haiumizi chochote, amplifaya itakaa baridi, ila besi itakuwa ya uvivu. Ukisoma 3.6 mahali palipotakiwa 1.8, koili moja imeachia: waya umechomoka kwenye kibano, au kiunganishi cha kusukumia nyuma ya boksi kimelegea kwa mtikisiko wa barabara. Hapo ndipo sambamba na mfululizo vinapotofautiana kwa dalili. Waya mmoja ukiachia kwenye sambamba, unapoteza nguvu lakini sauti inabaki. Ukiachia kwenye mfululizo, unapata kimya kabisa na mita inaonyesha njia imekatika.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii kwa sababu hakiko upande wa sabufa. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani huja na redio ya kiwandani isiyo na matundu ya RCA (ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya), kwa hiyo fundi anachukua sauti kutoka nyaya za spika na kuziingiza kwenye amplifaya kupitia soketi ya HIGH INPUT au kibadilishi kidogo. Akigeuza chanya na hasi za upande mmoja, kushoto kwa mfano, monobloku inajumlisha kushoto na kulia, na kwa kuwa besi kwenye nyimbo nyingi iko sawa pande zote mbili, zinafutana ndani ya amplifaya kabla hata hazijafika kwenye sabufa. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kufungua kitu: zungusha balansi ya redio yote upande mmoja. Besi ikiongezeka badala ya kupungua, nyaya za upande mmoja zimegeuzwa. Na kwenye redio hizo, usifunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Hasi hiyo kwa kawaida si ya bodi, ina volti zake, na kuifunga kwenye chuma kunaweza kuua redio.

Kwa wenye sabufa mbili kwenye boksi moja, zitazame zote kwa betri. Moja ikitoka nje na nyingine ikiingia ndani, zinapeana hewa wenyewe kwa wenyewe na nje hakitoki kitu. Geuza waya za moja tu. Mwisho, kama kila kitu kimepimwa na kiko sawa lakini besi bado inaonekana kujificha ukikaa kiti cha mbele, geuza swichi ya PHASE kutoka 0 hadi 180, au badilisha chanya na hasi kwenye amplifaya, kisha uchague upande unaosikika zaidi. Hapo hakuna sahihi wala kosa, sikio lako ndilo linaloamua.

Taa nyekundu ya PROTECT inawaka

Amplifaya inajizima ili isife, kwa hiyo usishindane nayo kwa kuiwasha na kuizima mara kumi. Zima, chomoa nyaya za sabufa, washa tena. Taa ikizimika, tatizo liko kwenye sabufa au waya wake. Ikibaki, chomoa pia RCA na uwashe. Ikibaki hata hapo, huku umeme na waya wa bodi (ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari) viko sawa, basi amplifaya yenyewe ina hitilafu ndani na inastahili meza ya fundi.

Upande wa sabufa, kosa linalorudiwa sana linatokana na vibano vya monobloku. Monobloku nyingi zina jozi mbili za vibano vya spika, na mtu anadhani ni chaneli mbili. Anafunga koili ya kwanza kwenye jozi moja na ya pili kwenye nyingine, akiamini kila jozi inaona koili yake. Ndani, jozi hizo zimeunganishwa pamoja, kwa hiyo hiyo ni sambamba. Sabufa ya koili za omu 4 itakuwa omu 2, na kwa amplifaya ya mfano wetu hakuna shida. Lakini sabufa ya koili za omu 2 itakuwa omu 1, na amplifaya ambayo mwisho wake ni omu 2 itajizima sauti ikipanda tu. Vivyo hivyo kwa chaneli mbili zilizobrijiwa: kila chaneli inaona nusu ya omu ulizofunga, kwa hiyo omu 2 kwenye briji ni omu 1 kwa kila chaneli.

Inawezekana kuipa kila koili chaneli yake kwenye amplifaya ya chaneli mbili, ila chaneli zote mbili zipate sauti moja iliyochanganywa, na geini zao zilingane. Vinginevyo koili zitavutana kila kushoto na kulia zinapotofautiana.

Omu zikiwa sahihi, tafuta waya unaogusana. Uzi mmoja tu wa shaba uliochomoza kati ya chanya na hasi kwenye kibano unatosha. Weka pia mita kati ya kila waya wa sabufa na chuma cha gari, nyaya zikiwa nje ya amplifaya: isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, waya umechubuliwa mahali, mara nyingi chini ya reli ya kiti au penye skrubu ya boksi iliyotoboa.

Taa ikija baada ya nusu saa ya kucheza, hasa mchana wa jua, hilo ni joto. Amplifaya iliyofungwa chini ya zulia au kugeuzwa uso chini haina pa kutolea joto. Lakini ikipata moto haraka sana, rudi ukapime omu.

Inazima besi ikipiga, kisha inarudi

Hapa usitafute kwenye koili, tafuta kwenye umeme. Washa injini, weka mita kwenye vibano vya umeme vya amplifaya, piga wimbo wenye besi nzito. Betri ya gari injini ikiwa imewaka huwa kati ya volti 13.8 na 14.4. Kwenye amplifaya, besi ikipiga, isiwe imepungua zaidi ya nusu volti kuliko ilivyo kwenye betri wakati huohuo. Ikishuka karibu na 11 au chini yake, amplifaya nyingi hukata.

Wati 500 zinataka takriban ampea 45. Waya wa shaba wa AWG 8 (AWG ni kipimo cha unene, namba ikipungua waya ni mnene zaidi) wenye urefu wa mita 5 unapoteza karibu volti 0.46 kwa mkondo huo. Wa AWG 4 unapoteza 0.18 tu. Waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa kwenye vifurushi vya bei rahisi, ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo ule wa AWG 8 unakaribia kukulia volti 0.7. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Unene wa plastiki ya nje usikudanganye hata kidogo.

Kisha pima upande wa bodi. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, besi ikipiga: zaidi ya volti 0.2 ni dalili ya muunganisho mbaya. Waya wa bodi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi chini ya nusu mita, umebanwa kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi kwa msasa hadi king'ae. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Na fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulizuia gari lisiungue waya ukichubuka, na fyuzi iliyofungwa kando ya amplifaya huko nyuma hailindi chochote njiani.

Kimya kabisa

Pima volti tatu kwa mpangilio: umeme mkuu, bodi, kisha REM (waya mwembamba kutoka kwenye redio unaoiwasha amplifaya). REM isipokuwa na volti 12 redio ikiwa imewaka, amplifaya haijaambiwa iamke. Kama sabufa inacheza ukiwa kwenye FM lakini inazima ukihamia USB au Bluetooth, waya wa REM umefungwa kwenye ule wa bluu mtupu wa antena. Wa amplifaya ni bluu wenye mstari mweupe. REM ikiwa sawa na taa ya kijani inawaka, angalia kwenye menyu ya redio kama sabufa imezimwa, halafu upime omu kama ilivyoelezwa juu.

Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini ni wa waya wa bodi au wa RCA iliyolazwa bega kwa bega na waya mkuu wa umeme. Pitisha RCA upande mmoja wa gari na umeme upande mwingine.

Inakwaruza, inagonga, inanuka

Kugonga kwa sauti ya chuma ni koili inayofika mwisho na kugusa bamba la nyuma. Kwenye boksi lenye tundu hutokea zaidi, kwa sababu chini ya masafa ambayo boksi limetengenezewa, hewa haiizuii koni tena. Boksi la 35 Hz lifungie kichujio cha SUBSONIC, kinachokata sauti za chini mno, kwenye 30 Hz hivi. LPF, kichujio kinachokata sauti za juu, iache kwenye 80 Hz na BASS BOOST kwenye 0.

Harufu ya kuungua ni mawimbi yaliyokatwa vichwa: geini imezidi, amplifaya imefika mwisho wake na inasukuma umeme wa joto mtupu. Geini si kitufe cha sauti. Iweke kwa hesabu: wati zidisha omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa sabufa ya wati 400 kwenye omu 2, 400 mara 2 ni 800, kipeuo chake cha pili ni volti 28.3. Chomoa sabufa, cheza mlio wa 50 Hz wa kiwango cha 0 dB, redio iwe robo tatu ya sauti, mita iwe kwenye volti za AC kwenye vibano vya spika, pandisha geini taratibu hadi 28.3 na uache hapo. Wati 3000 zilizoandikwa kwenye kasha la amplifaya zipuuze. Jumlisha fyuzi zake, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.8 kama ni daraja D (aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto): fyuzi mbili za ampea 30 zinakupa dari ya wati 660 hivi, hata kasha lidai nini.

Kukwaruza kunapimwa kwa mikono. Weka viganja pande mbili za koni na uisukume ndani taratibu, sawasawa. Ukisikia msuguano, koili imevimba na inagusa sumaku. Pima kila koili peke yake. Iliyokatika haisomi kitu. Iliyoungua kiasi inasoma chini kuliko mwenzake, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mizunguko yake iliyogusana inafanya breki kwa koni hata ukiitoa kwenye saketi.

Kama koili moja imekatika kabisa, nyingine inasoma vizuri na hakuna msuguano, itenge ile mbovu kabisa na uendelee na moja kwa nusu ya uwezo. Kwa mfano wetu, wati 200 kwenye omu 4 ni volti 28.3 zilezile, kwa hiyo geini iliyowekwa kwa hesabu haihitaji kuguswa. Besi itapungua. Kama kuna msuguano, au inasoma chini, ibadilishwe koili pamoja na koni na kitambaa chake cha chini. Mwambie fundi omu za zamani, maana koili za omu 2 zikiwekwa mahali pa omu 4 zitakuja kuiwashia amplifaya yako taa nyekundu, na kabla hujaondoka mezani kwake jaribu kila koili kwa betri ya volti 9.